Hewa ghalani, joto mtaroni

Mfanyabiashara akiambiwa kwamba kuna mtambo unaopewa uniti 80 za umeme usiku na kurudisha uniti 100 mchana, jambo la kwanza atakalofanya, kama ameizoea biashara, ni kuomba aonyeshwe daftari. Ghala halizai. Magunia 80 ya mahindi yakiingia ghalani hayawezi kutoka 100, isipokuwa mtu amepitisha mengine kwa mlango wa nyuma.

Mtambo wa namna hiyo upo, na waliouunda si matapeli. Uko Huntorf, kaskazini mwa Ujerumani, na ulifunguliwa mwaka 1978. Wahandisi waliandaa mapango mawili ndani ya mwamba wa chumvi chini ya ardhi, ambayo kwa pamoja yana nafasi ya mita za ujazo zipatazo 310,000. Saa ambazo umeme ni mwingi na bei yake iko chini, kompresa husukuma hewa humo hadi mgandamizo wake unafikia kama mara 70 ya hewa tunayovuta. Mahitaji yakipanda, hewa huachiwa itoke kwa nguvu na kuzungusha tabini, na tabini inazungusha jenereta. Mtambo ulianza na uwezo wa megawati 290, na mwaka 2006 uliongezwa nguvu ukafikia megawati 321.

Mlango wa nyuma wa Huntorf ni bomba la gesi asilia. Kwa kila uniti 1 ya umeme inayopelekwa sokoni, mtambo ule hutumia uniti 0.8 za umeme kuendesha kompresa, na juu yake uniti 1.6 za joto la gesi inayochomwa kabla hewa haijaingia kwenye tabini. Jumla ya vilivyoingia ni 2.4, kilichotoka ni 1. Hiyo ni kama asilimia 42. Mali yote inaonekana sasa, iliyorudi na iliyopotea.

Swali la safu hii wiki hii ni moja. Kwa nini ghala la umeme lihitaji kununua gesi? Jibu ni kwamba mwenye ghala alikuwa na joto lake mwenyewe, alilolilipia, akalitupa.

Shehena ni ipi?

Fundi pancha yeyote anaijua fizikia ya jambo hili bila kwenda chuoni. Kompresa yake ikifanya kazi kwa dakika chache, haweki mkono kwenye bomba linalotoka kichwani mwa mashine, maana ataungua. Hewa ikishindiliwa hupata moto. Hewa yenye nyuzi 20 za sentigredi, ikishindiliwa kwa mkupuo mmoja hadi mara 70 bila kuachiwa ipoe, kwa hesabu za vitabuni ingepita nyuzi 700. Pango la chumvi haliwezi kupokea kitu cha moto kiasi hicho. Kwa hiyo hewa hushindiliwa kwa hatua na kupozwa, ili iingie pangoni ikiwa na joto la kadiri tu. Joto lililoondolewa humwagwa nje, kwenye maji na upepo.

Hapo ndipo wengi wanapokosea hesabu. Wanadhani joto lililomwagwa ni pumba na hewa iliyobaki ndiyo mchele. Ukweli ni kinyume. Hewa iliyoshindiliwa, kisha ikapozwa hadi ikarudia joto lake la mwanzo, haina nishati ndani yake iliyozidi kwa maana yoyote ile iliyokuwa nayo kabla ya kushindiliwa. Umeme wote ulioingia kwenye kompresa umetoka ukiwa joto. Kilichobaki pangoni ni uwezo wa hewa hiyo kupokea joto jingine baadaye na kuligeuza kuwa kazi. Hewa ni mkokoteni. Shehena ni joto. Aliyelitupa joto amemwaga shehena njiani na kufika sokoni na mkokoteni mtupu.

Ushahidi unaonekana hewa inapotoka. Hewa ikitanuka hupoa, kama vile ikishindiliwa inavyopata moto. Hewa ya mgandamizo wa 70 iliyopoa, ikiachiwa itanuke bila kupashwa, kwa hesabu hizo hizo za vitabuni ingeshuka hadi karibu nyuzi 190 chini ya sifuri. Unyevu ungekuwa barafu ndani ya mashine, na nguvu ya kuzungusha tabini ingekuwa ndogo. Lazima hewa ipashwe moto. Kama joto la jana hulinalo, itakubidi ununue la leo. Ni sawa na mtu anayechemsha maji usiku, akayamwaga yangali ya moto, kisha asubuhi akaenda kununua mkaa ili achemshe mengine. Jirani yake mwenye chupa ya chai anamtazama tu.

Tusiwalaumu bure

Haki itendeke. Mwaka 1978 Wajerumani hawakuwa wajinga. Kompresa za kutoa hewa ya moto mkali kiasi hicho kwa wingi huo hazikuwa dukani, na vyombo vya kuhifadhi joto hilo havikuwapo. Aidha, kazi waliyoihitaji ilikuwa nyingine kidogo: kupata mtambo unaoamka kwa dakika chache, kujazia pengo la ghafla, na kuwa tayari kuviwasha vituo vya nyuklia vya ukanda ule endapo gridi ingezimika. Kazi hiyo Huntorf iliiweza.

Wamarekani walifuata mwaka 1991 kwa mtambo wa McIntosh, katika jimbo la Alabama. Ni megawati 110, na pango lake linaweza kuuendesha kwa saa 26. Pale waliongeza kifaa cha kuchukua moshi wa moto unaotoka kwenye tabini na kuutumia kupasha hewa inayoingia. Matumizi yakashuka hadi uniti 0.69 za umeme na uniti 1.17 za gesi kwa kila uniti 1 inayouzwa, yaani kama asilimia 54. Ni maendeleo makubwa, lakini tuangalie kilichookolewa ni kipi. Ni joto la gesi. Joto la kompresa, lile lililolipiwa usiku, McIntosh pia waliliachia lipotee.

Sasa tupige hesabu ya leo. Mitambo bora ya kisasa inayochoma gesi na kisha kutumia moshi wake kuchemsha maji ya mvuke hugeuza karibu asilimia 60 ya joto la gesi kuwa umeme. Chukua zile uniti 1.6 za gesi za Huntorf uzipeleke huko: utapata karibu uniti 0.96 za umeme, bila pango, bila kompresa, bila kugusa umeme wa usiku. Huntorf inatoa uniti 1. Basi zile uniti 0.8 za umeme wa usiku zimeongeza nini? Uniti 0.04. Ghala gani hilo linalopokea debe na kurudisha kibaba?

Mtetezi atasema kwamba mitambo hiyo ya gesi na mvuke haiamki haraka kama Huntorf. Ni kweli, na wepesi una bei yake sokoni. Lakini basi tuuite wepesi, tusiuite ghala.

Waliojaribu kulitunza joto

Wazo la kulihifadhi joto lenyewe si geni. Ugumu umekuwa kwenye chombo na kwenye bei.

Mwaka 2010 kampuni ya RWE ya Ujerumani, pamoja na General Electric, Züblin na taasisi ya DLR, ilitangaza mradi ulioitwa ADELE. Hewa yenye joto la nyuzi 600 hivi ingepitishwa kwenye minara iliyojaa mawe au matofali. Mawe yangemeza joto, hewa iliyopoa ikaingia pangoni, na wakati wa kutoa umeme hewa ile ile ingepita kwenye mawe yale yale kuchukua joto lake. Lengo lilikuwa kurudisha asilimia 70, na gesi isitumike hata kidogo. Mtambo haukujengwa. Mnara unaobeba joto kali na mgandamizo mkubwa kwa pamoja si kitu cha bei ya kawaida.

Huko California, kampuni changa ya LightSail Energy ilichukua njia nyingine: kunyunyiza ukungu wa maji ndani ya silinda wakati hewa inashindiliwa, ili maji yachukue joto papo hapo na kulitunza. Miongoni mwa waliotia fedha walikuwa Bill Gates, Vinod Khosla na Peter Thiel. Nayo haikufika sokoni na mtambo wake. Wazo zuri halikatazi hasara.

Waswisi walifanya jaribio la busara mwaka 2016, ndani ya handaki lisilotumika lililobaki kutoka kwenye ujenzi wa reli ya Gotthard. Waliziba pande mbili za sehemu ya handaki kwa zege, wakaliweka rundo la mawe ya kuhifadhi joto humo humo ndani ya hewa iliyoshindiliwa. Kwa hiyo mlima ndio uliobeba mgandamizo, na chombo cha mawe kikabaki na kazi ya kushika joto tu. Lilikuwa jaribio dogo, na mgandamizo wake ulikuwa mdogo, lakini vipimo vyake viliwapa watafiti makadirio ya asilimia 63 hadi 74. Lilionyesha kwamba mawe ya kawaida yanaweza kazi hii.

Walioifikisha kazi hii kwenye ukubwa wa kibiashara ni Wachina, na siri yao ni kwamba hawakukimbilia moto mkali. Wanashindilia hewa kwa hatua, wanaipoza kati ya hatua na hatua, na kila mara wanalichukua joto linalotoka. Kwa kuwa joto lenyewe ni la kadiri, linaweza kutunzwa kwenye matangi ya mafuta maalumu au ya maji yaliyofungwa, mbali na hewa yenye mgandamizo. Tangi la namna hiyo fundi anaweza kulitengeneza. Walianza na mtambo wa megawati 1.5 mwaka 2013 huko Langfang, wakaenda megawati 10, kisha wakavuka.

Mwezi Mei 2022 mtambo wa Jintan, jimbo la Jiangsu, uliingia kwenye biashara ukiwa na megawati 60 na ghala la uniti 300,000, hewa ikiwa kwenye pango la chumvi na joto kwenye mafuta. Mwaka huo huo Zhangjiakou wakaunganisha megawati 100. Tarehe 30 Aprili 2024 mtambo wa Feicheng, jimbo la Shandong, ukaunganishwa na gridi: megawati 300 kwa saa 6, yaani uniti 1,800,000 kwa kujaza mara moja. Kiwango kilichotangazwa ni kurudisha asilimia 72.1, na gharama ya ujenzi yuani bilioni 1.496. Hakuna bomba la gesi.

Daftari la mnunuzi

Tuweke mitambo miwili kwenye ukurasa mmoja. Kuuza uniti 1, Feicheng inahitaji kununua karibu uniti 1.39 za umeme. Huntorf inanunua 0.8 za umeme na 1.6 za gesi. Kwa hiyo anayehifadhi joto analipa uniti 0.59 za umeme zaidi, na anaokoa uniti 1.6 za gesi.

Gawanya, utapata kanuni ambayo mfanyabiashara anaweza kuibeba mfukoni. Ikiwa uniti ya umeme wa kujazia ghala inauzwa chini ya mara 2.7 ya bei ya uniti moja ya joto la gesi, anayehifadhi joto anashinda kwenye gharama za kila siku. Juu ya hapo, mwenye gesi anashinda. Umeme wa kujazia ghala kwa kawaida ni ule wa saa ambazo wanunuzi ni wachache na bei iko chini. Gesi haina usiku. Bei yake ni ile ile, na siku dunia inapochafuka hupanda. Ulaya walilionja hilo mwaka 2022, vita vya Ukraine vilipopandisha bei ya gesi kupita kiasi kilichozoeleka.

Mwenye tahadhari atauliza gharama za ujenzi. Kwa takwimu za Feicheng, kila uniti ya nafasi ghalani imegharimu kama yuani 830, pamoja na mashine zote. Matangi ya joto na vipokezi vyake ni sehemu ya gharama hiyo, na wenye mradi walikubali kuilipa kuliko kuwa na mkataba wa gesi usio na mwisho. Mimi naona walichagua vyema.

Mitego ipo, na safu hii haiwezi kuificha. Kwanza, hewa inaweza kukaa pangoni muda mrefu, lakini joto huvuja. Tangi kubwa huvuja polepole kuliko dogo, kama sufuria ya pilau ya harusi inavyokaa na moto kuliko kikombe. Hata hivyo bidhaa hii ni ya kujaza leo na kuuza leo au kesho. Anayekuahidi kuhifadhi joto la masika alitoe kiangazi, mpite. Pili, ardhi ina usemi. Katika jimbo la Iowa, Marekani, mradi wa hewa iliyoshindiliwa ulifutwa mwaka 2011 baada ya miaka minane ya maandalizi, kwa sababu mwamba uliokusudiwa haukufaa. Tatu, wapinzani hawajalala. Kwa mujibu wa BloombergNEF, bei ya wastani ya betri za lithiamu mwaka 2024 ilikuwa dola 115 kwa uniti ya uwezo, kabla ya gharama za kuzifunga mahali pake, na betri hurudisha sehemu kubwa zaidi ya umeme ziliyopewa. Mtambo wa hewa unaoshindana na bei hiyo hauna ruhusa ya kumwaga kitu. Kila uzi wa joto unaopotea ni punguzo analompa mshindani wake.

Yanatuhusu nini?

Msomaji wa Dar es Salaam au Mombasa atasema hayo ni ya China na Ujerumani. Siyo moja kwa moja. Visima vya kutafuta mafuta vilivyochimbwa miaka mingi iliyopita eneo la Mandawa, mkoani Lindi, vilikuta matabaka manene ya chumvi chini ya ardhi. Gesi ya Songosongo, ukanda huo huo wa pwani, inafika Dar es Salaam kwa bomba tangu mwaka 2004. Chumvi na gesi mahali pamoja: hiyo ndiyo mandhari ya Huntorf. Siku akitokea mtu na michoro akasema ana ghala la umeme linalopokea 80 na kutoa 100, tusije tukapiga makofi kabla ya kuuliza gesi ya nani itapita mlango wa nyuma. Wala chumvi peke yake si hoja. Iowa nao walikuwa na mwamba.

Kwa maoni yangu, ghala la kwanza la nchi yenye mabwawa ni bwawa lenyewe, kwa kuwa maji yasiyopitishwa kwenye mashine leo ni umeme wa kesho, na halihitaji kompresa. Lakini mabwawa hutegemea mvua, na Watanzania wanakumbuka mgawo wa umeme wa mwaka 2022 mito ilipokauka. Siku jua na upepo vitakapochukua nafasi kubwa kwenye gridi zetu, maghala ya aina nyingine yatatafutwa, na wauzaji watakuja. Ni vyema tuwe na swali moja mkononi kabla hawajafika: joto lenu liko wapi?

Na wapo ambao swali hilo linawahusu wiki hii, siyo miaka kumi ijayo. Kila kiwanda chenye kompresa kubwa, iwe cha soda, cha plastiki au cha nguo, kinafanya kila saa kile kile kilichofanyika Huntorf. Karibu umeme wote unaoingia kwenye kompresa hutoka ukiwa joto, na feni inautupa nje kwa ukuta wa nyuma. Upande wa pili wa ukuta huo huo, mara nyingi, kuna boila inayochoma mafuta mazito au kuni kupasha maji ya kuoshea chupa. Vifaa vya kulichukua joto la kompresa na kulipeleka kwenye maji vinauzwa, na si teknolojia ya kusubiri. Mwenye kiwanda analipa umeme mara moja, anamwaga joto, halafu analipa kuni. Meneja wa fedha haoni hasara hiyo kwa sababu haina mstari kwenye vitabu vyake: ankara ya umeme iko faili hili, ya kuni iko faili lile, na lililopotea katikati halina ankara.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Huntorf iliweka daftari la hewa na ikasahau la joto, na gesi ikalipa tofauti tangu mwaka 1978. Mwenye kiwanda anaweza kuanza kulisahihisha lake Jumatatu asubuhi, kwa kuzunguka nyuma ya chumba cha kompresa na kuweka kiganja chake mbele ya ile feni.